Kujenga makazi mapya ya watawa wa Kibudha: mwongozo kwa kamati ya walei

Mtawa wa Kibudha anayefuata Vinaya, yaani mkusanyo wa kanuni za utawa, hachimbi ardhi, hakati mmea ulio hai, wala hashiki fedha. Ukiyaweka hayo matatu pamoja, unaona mara moja kwamba nyumba atakayoishi itajengwa na wengine tangu koleo la kwanza. Unaona pia kwamba wajenzi hao wasipozijua kanuni zake, watamjengea nyumba nzuri ambayo hawezi kulala ndani yake bila kuvunja nadhiri. Hilo hutokea zaidi ya mtu anavyodhani, na kwa kawaida linagundulika rangi ikiwa imeshakauka.

Mwongozo huu ni kwa kamati ya walei waliojitolea kusimamia ujenzi. Unafuata Vinaya ya Theravada, yaani ile ya Thailand, Sri Lanka na Myanmar, yenye kanuni 227 kwa watawa wa kiume na 311 kwa watawa wa kike. Jumuiya za Uchina, Korea na Vietnam hufuata Vinaya ya Dharmaguptaka, na za Tibet hufuata ya Mulasarvastivada. Mpango wa jumla hautofautiani sana, lakini vipimo na desturi waulize wazee wa jumuiya yenyewe.

Hatua ya 1: Keti na wazee kabla ya kumwita msanifu majengo

Msanifu akija kwanza, atakuja na picha ya paa lenye ncha za dhahabu, na kamati itaipenda. Baada ya hapo kila swali la maana litaonekana kama pingamizi. Kwa hiyo anza na abati pamoja na watawa wenye miaka mingi katika utawa, ukiwa na daftari tu.

Uliza watakaoishi hapo ni wangapi, na wangapi kati yao ni wanovisi, yaani watawa wanafunzi wasio na daraja kamili, au walei wanaojiandaa kuingia utawani. Uliza kama watatoka asubuhi kuomba chakula au watapelekewa. Uliza kama wageni watalala. Uliza kama mahali hapo patakuwa pa mafungo ya kimya au hekalu la kupokea familia kila mwisho wa wiki, maana ukijaribu kuviweka vyote viwili chini ya paa moja, watawa watahama.

Uliza pia, bila kuona haya, kama makazi ni ya wanaume au ya wanawake. Hili hubadilisha ramani nzima. Vinaya hairuhusu mtawa wa kike kuishi msituni peke yake kama mwenzake wa kiume anavyoweza, na msimu wa mvua hapaswi kuupitisha mahali pasipo na watawa wa kiume anaoweza kuwafikia. Vibanda vilivyotawanyika porini, ambavyo ndivyo sura ya monasteri nyingi za msitu, haviwafai. Wao wanahitaji uzio, vyumba vinavyokaribiana na njia fupi ya kufika kwa watu.

Hatua ya 2: Amueni nani anaomba na nani anashika fedha

Zamani za Buddha, huko Alavi nchini India, watawa walianza kujijengea vibanda visivyo na mfadhili wala kipimo. Wakawa wanaomba bila kikomo: nipe mtu, nipe ng'ombe, nipe shoka, nipe nyasi. Watu wakachoka, wakaanza kukimbia walipowaona watawa kwa mbali, na wengine waliwakimbia hata ng'ombe wakidhani ni watawa. Kutokana na kisa hicho ikatungwa kanuni nzito ya kupunguza ukubwa wa kibanda ambacho mtawa anajijengea kwa vitu vya kuombaomba.

Kamati ya leo ijifunze hapo. Uombaji wa michango ufanywe na walei, kwa jina la kamati, kwa lengo lililoandikwa na kiwango kinachojulikana. Mtawa asisimame mbele ya watu akitaja bei ya mabati.

Fedha zishikwe na msimamizi mlei, na akaunti iwe ya chama kilichosajiliwa kisheria, yenye watia saini zaidi ya mmoja. Vinaya inamjua mtu wa namna hii tangu zamani. Katika kanuni iliyotungwa kuhusu fedha za mavazi, mfadhili humwachia msimamizi fedha, na mtawa anaweza kumkumbusha kwa maneno mara 3, kisha kwenda kusimama kimya mbele yake hadi mara 6. Kitu kisipopatikana, mtawa humjulisha mfadhili kwamba mchango wake haujafanya kazi, basi. Maoni yangu ni kwamba mtawa akilazimika kwenda kusimama kimya mbele ya mweka hazina wenu hata mara moja, mweka hazina huyo abadilishwe.

Amueni pia hati ya kiwanja itaandikwa kwa jina la nani. Isiwe ya mtu mmoja, hata kama ndiye aliyetoa ardhi, hata kama ni abati. Mtu hufa, warithi huja na mawazo yao.

Hatua ya 3: Tafuta kiwanja

Mfalme Bimbisara wa Magadha alipotaka kumpa Buddha mahali pa kukaa, alijiuliza maswali ambayo hadi leo hayajapitwa: mahali pasiwe mbali mno na mji wala karibu mno, pawe pa kuendeka na kurudika, watu wenye haja wafike kwa urahisi, mchana pasiwe na msongamano na usiku pasiwe na kelele. Akachagua shamba lake la mianzi, Veluvana, nje ya Rajagaha.

Umbali una uzito kuliko uzuri wa mandhari. Watawa wanaokula chakula cha siku hiyo tu, tena kabla ya adhuhuri, hawawezi kukaa mahali ambapo anayeleta chakula anafika saa saba mchana. Makazi ya msituni kwa kipimo cha Vinaya huanzia urefu wa pinde 500 kutoka kijijini, karibu kilomita moja. Hapo mtu anatembea na bakuli lake na kurudi jua halijawa kali, huku kelele za kijiji zimebaki nyuma.

Fika kiwanjani usiku, na fika siku ya mvua kubwa. Siku ya jua kila kiwanja ni kizuri. Sikiliza baa iliyo jirani, tazama maji yanapoelekea, uliza kama barabara hufungika. Pima udongo na upate uhakika wa maji kabla ya kulipa chochote.

Kununua majengo yaliyopo ni njia halali na mara nyingi ya busara. Monasteri ya Amaravati nchini Uingereza ilianza mwaka 1984 katika majengo ya mbao yaliyokuwa shule. Faida ni kwamba watu wanaingia mapema. Hasara ni kwamba mabweni ya wanafunzi hayakujengwa kwa ajili ya mtu anayetaka kukaa kimya miaka 30, na gharama za joto na ukarabati hazijifichi kwa muda mrefu. Mkifuata njia hii, peleka mhandisi akague paa na msingi kabla ya kuandikiana.

Hatua ya 4: Kiwanja kikaguliwe mara mbili

Ukaguzi wa kwanza ni wa serikali: matumizi ya ardhi, kibali cha ujenzi, mazingira. Andikeni kwenye maombi matumizi yote halisi, yaani kulala, kuabudu, kupokea wageni, kupika. Kibali cha nyumba ya kuishi hakitoshi siku ya sikukuu wanapokuja watu mia tatu na magari yao.

Ukaguzi wa pili ni wa watawa. Kwa kibanda au nyumba anayojengewa mtawa kwa matumizi yake binafsi, Vinaya inataka jumuiya ya watawa ikague kiwanja na kukipitisha rasmi, kwa hoja na tangazo katika kikao. Jengo la jumuiya nzima halifungwi na kanuni hiyo kwa namna ileile, lakini ningefuata utaratibu huohuo bila kusita kwa sababu ni ukaguzi mzuri.

Wanatazama mambo mawili. La kwanza ni kwamba mahali pasiwe na madhara: pasiwe makao ya mchwa, sisimizi, panya, nyoka, nge, tandu, wala wanyama wakubwa, na pasiwe pamegusana na shamba la mtu, makaburi, gereza, machinjio, kilabu cha pombe au njia panda. La pili ni nafasi ya kuzunguka: kigari chenye ng'ombe wawili kiweze kulizunguka jengo, au angalau mtu mwenye ngazi. Fundi yeyote wa paa atakuambia kwa nini hilo la ngazi ni la busara.

Angalieni pia miti. Mtawa Channa, akijengewa nyumba na mfadhili, aliukata mti uliokuwa unaheshimiwa na kijiji, nchi ikachukia, na kanuni nyingine ikatungwa. Mti ambao wenyeji wanauheshimu ubaki, hata kama ramani inataka uondoke. Ramani ndiyo ihame.

Hatua ya 5: Chora chumba kimoja kwanza

Kipimo cha kibanda anachojijengea mtawa bila mfadhili ni shubiri 12 kwa 7, na shubiri hiyo ni ya Buddha. Urefu hupimwa kwa nje, upana kwa ndani. Wafafanuzi hawakubaliani shubiri hiyo ilikuwa na ukubwa gani, lakini jumuiya nyingi leo huchukua takriban sentimita 25, na kibanda kinakuwa kama mita 3 kwa mita 1.75. Ukiwa na mfadhili hakuna kikomo cha ukubwa, ila hata hapo kipimo hicho kinasema jambo: mtu mmoja, kitanda kimoja, mahali pa kukaa, sanamu ndogo, mlango na dirisha.

Nje ya kila kibanda acha njia ya kutafakari kwa kutembea. Iwe sawasawa, iliyonyooka, ya hatua 20 hadi 30, yenye kivuli ikiwezekana. Wasanifu huiona kama pambo la bustani na huifuta bajeti ikibana. Wasiruhusiwe. Mtawa anaweza kutembea hapo saa nyingi kuliko anazokaa chumbani, na kwa mujibu wa mafundisho inamjengea uvumilivu wa safari, inamsaidia mmeng'enyo wa chakula, inampa afya, na utulivu wa akili unaopatikana hapo hudumu.

Hatua ya 6: Panga nani analala chini ya paa lipi

Hapa ndipo kamati nyingi hukwama. Mtawa aliyepata daraja kamili hapaswi kulala zaidi ya usiku 2 au 3 mfululizo katika jengo moja na mtu asiye na daraja hilo, hata kama ni mnovisi. Na mwanamume mtawa hapaswi kulala katika jengo moja na mwanamke hata usiku mmoja. Zipo njia za kugawa jengo kwa kuta na milango ili lihesabiwe kama majengo mawili, ila zinahitaji mtawa mwenye elimu ya Vinaya akae na mchoraji. Njia rahisi na salama ni mapaa tofauti: watawa upande wao, wanovisi na walei wanaume upande wao, wageni wanawake mbali zaidi, karibu na lango.

Jiko nalo lina habari yake. Chakula kilichohifadhiwa usiku ndani ya makazi ya watawa, au kupikwa humo, hakiliwi nao. Kwa hiyo ghala la chakula na jiko viwe katika jengo lililotengwa kwa kazi hiyo. Linaweza kuwa mali ya mlei, au kuteuliwa na jumuiya katika kikao, au kutangazwa wakati nguzo za kwanza zinasimikwa, ambapo wanaozishika hutamka kwamba wanajenga nyumba ya kuhifadhia chakula. Ukipenda njia hii ya tatu, mwambie mkandarasi mapema asisimike nguzo za jiko alfajiri kabla watu hawajafika.

Sebule ya wageni iwe wazi, kwa kioo au veranda. Mtawa haketi faraghani na mwanamke, na chumba kizuri kilichofungwa pande zote kitamlazimu kila mara kutafuta mtu wa tatu.

Ukumbi mkubwa, chumba cha vitabu na ghala la mavazi vinaeleweka vyenyewe. Kinachosahaulika ni chumba cha mgonjwa. Buddha na mhudumu wake Ananda walimkuta mtawa mwenye tumbo la kuendesha amelala katika uchafu wake, hakuna anayemtazama. Wakamwosha wenyewe, na ndipo watawa wakaambiwa kwamba anayetaka kumhudumia Buddha amhudumie mgonjwa. Chumba hicho kiwe ghorofa ya chini, karibu na barabara na choo, mlango upana wa kitanda cha magurudumu. Wazee watakaokihitaji wapo tayari kwenye orodha yako ya hatua ya kwanza.

Hatua ya 7: Mfundishe mkandarasi kabla ya kuchimba

Mafundi waelezwe lugha ya watawa. Mtawa hawezi kusema "chimba hapa" wala "kata tawi hili", lakini anaweza kusema "nguzo inahitajika mahali hapa" au "lifahamu tawi hili". Msimamizi wa mafundi aisikie kauli hiyo kama maelekezo. Asipoelewa atangojea agizo ambalo halitakuja, na siku itapita. Vilevile mtawa anayejitolea kusaidia asipewe kuchanganya zege kwa maji ya bwawa. Maji yenye viumbe hai hamwagi juu ya udongo.

Kazi ya mtawa msimamizi, hata hivyo, ni halali na ya lazima. Huko Vesali fundi cherehani maskini aliamua kuwajengea watawa nyumba kwa mikono yake. Alikanda tope, akapanga matofali, lakini hakuwa na ujuzi na ukuta ukaanguka. Ukaanguka mara ya pili, na ya tatu. Akalalamika kwamba watawa huwaelekeza wenye mali tu. Kutokana na malalamiko yake Buddha aliruhusu jumuiya imteue mtawa wa kusimamia ujenzi, na muda wa jukumu lake ukapangwa kwa ukubwa wa kazi: miaka 5 au 6 kwa nyumba ndogo, 10 au 12 kwa kubwa. Ombeni jumuiya iwateulie mtu huyo, mmoja. Mkandarasi anayepokea maelekezo kutoka kwa watawa sita atajenga mara sita na kudai malipo ya zote.

Msingi uinuliwe. Hii nayo imo katika Vinaya, karibu kama kitabu cha fundi: nyumba zilijengwa chini, zikaingia maji, msingi wa juu ukaruhusiwa. Kingo za msingi zikamomonyoka, zikaruhusiwa kujengewa kwa matofali, mawe au mbao. Watu wakataabika kupanda, zikaja ngazi. Wakaanguka wakipanda, ukaja mkono wa kushikia. Fuata mlolongo huo na utakuwa umefanya kazi nzuri kwa mzee wa miaka 80.

Paa: lisielemewe. Huyohuyo Channa aliezeka na kuezeka tena nyumba iliyokwisha kamilika mpaka ikaporomoka, kisha akikusanya nyasi na vijiti akaharibu shamba la shayiri la mtu. Kanuni ikaweka kikomo cha tabaka 2 au 3. Kwa leo, mhandisi akokotoe uzito wa vigae kabla mfadhili hajavinunua. Vigae vya zawadi vina tabia ya kuwa vizito kuliko kenchi.

Hatua ya 8: Samani

Miguu ya kitanda au kiti kipya isizidi upana wa vidole 8, kwa kipimo cha Buddha, chini ya fremu. Ikizidi hukatwa. Kitanda au kiti kilichojazwa pamba huraruliwa, pamba ikatolewa. Mwambieni seremala hivyo kabla hajaanza, na mfadhili kabla hajaenda dukani kununua godoro la kifahari.

Hatua ya 9: Kukabidhi

Mfanyabiashara wa Rajagaha aliwajengea watawa makazi 60 kwa siku moja. Alipouliza ayatoe vipi, aliambiwa ayaweke wakfu kwa Sangha ya pande nne, yaani jumuiya ya watawa wa kila mahali, waliopo na watakaokuja. Anathapindika, aliyefunika kwa sarafu shamba la mwanamfalme Jeta kule Savatthi ili alinunue, alikabidhi vivyo hivyo. Tumieni maneno hayo, kwa sauti, mbele ya mashahidi, na yalingane na hati ya kisheria. Mali iliyotolewa hivyo, yaani ardhi, majengo, vitanda, vyombo vizito vya chuma, haigawanywi wala kutolewa zawadi hata na jumuiya yenyewe. Kwa hiyo andaeni orodha kamili ya vitu siku hiyo, na mgeni aliyeazimisha meza yake aichukue kabla ya sherehe.

Mipaka ya ibada, iitwayo sima, ni shughuli ya watawa. Wao ndio hutaja alama za kuzunguka: mlima, mwamba, msitu, mti, kichuguu, njia, mto au maji. Eneo lisiwe dogo kiasi cha kutotosha watawa 21 walioketi, wala lisizidi yojana 3, kipimo cha kale cha umbali cha India. Ndani yake ndimo hukutana kila nusu mwezi kusoma kanuni. Thailand huhitaji kibali cha mfalme kwa ajili ya eneo hilo, na mawe 9 ya mviringo huzikwa ukumbini na kuuzunguka. Kazi ya kamati ni kutopitisha bomba wala uzio mpya mahali hapo bila kuuliza.

Kuhusu tarehe, hesabuni kurudi nyuma kutoka mwezi mpevu wa Asalha, mwezi wa kalenda ya kale ya India, ambao kwa kawaida huwa Julai. Siku inayofuata watawa huanza mafungo ya mvua ya miezi 3, na mtawa haruhusiwi kuyaanza bila malazi, wala kwenye pango la mti, wala kwenye uwanja wazi, wala chini ya mwavuli. Chumba kinachohitajika ni chenye paa na mlango unaofungika. Kama mwezi mmoja kabla mafundi bado wako kwenye kuta, simamisheni kazi za ukumbi na lango, mhamishie watu wote kwenye vibanda na vyoo. Lango litasubiri hadi mwisho wa mafungo, na rangi pia.